Sarafu za dhahabu za Warumi: mnaangalia uso, miye natafuta jina

Bandugu wasomi, wiki mbili zilizopita dada mmoja wa promosheni yetu alituma picha katika kundi letu la WhatsApp. Sanduku dogo la mbao, ndani kitambaa chekundu, na juu ya kitambaa sarafu tatu za dhahabu. Moja ina mbwa-mwitu jike anayenyonyesha watoto wawili. Ya pili ina mtu juu ya farasi, mkono ameunyosha. Ya tatu ina mnara mrefu uliozungukwa na sanamu ndogo ndogo kama utepe. Chini yake maneno ya Kifaransa: hizi ni hazina za akiolojia za Roma ya kale, zimetengenezwa chache tu, atakayechelewa atajuta. Dada akauliza: « Bandugu, hii njo investissement ya kweli ao wananidanganya? Na weye wa Historia, sema kitu. »

« Weye wa Historia » ni miye. Siku ile nilijibu mistari miwili tu: dhahabu ni ya kweli, bei si ya kweli. Watu wakaweka vicheko, tukapita kwa mambo mengine. Lakini zile picha hazikuniacha. Nilizirudia usiku, nikazirudia kesho yake, na kila mara hasira kidogo ilikuwa inapanda bila mimi kujua ni hasira ya nini. Sasa nimeijua, njo maana naandika kwa urefu.

Tumalize kwanza mambo ya falanga. Sarafu ya ukumbusho si sarafu ya sokoni. Inatengenezwa ili itunzwe. Uso wake unang'arishwa kama kioo, inawekewa cheti chenye namba, halafu inauzwa kwa bei inayopita thamani ya dhahabu iliyomo. Ukienda kuiuza siku una shida, mnunuzi wa dhahabu hatakulipa cheti wala kitambaa chekundu. Atapima uzito, basi. Mjomba wangu aliyekuwa négociant kule Kamituga angefanya hivyo hivyo. Alikuwa na mizani ndogo ya mkono, na mawe yake ya kupimia yalikuwa vijiti vya kiberiti na sarafu za wakati wa Zaïre. Kwa hesabu kubwa alitaja tola, yaani gramu 11.66. Nilikuwa mtoto, na sikuona ajabu yoyote: sarafu isiyoweza kununua hata ndizi moja ilikuwa inakaa upande mmoja wa mizani na kuamua bei ya dhahabu iliyo upande mwingine.

Sisi wa rika hili hatujawahi kulipa kitu kwa sarafu. Tunajua noti, tena zilizochakaa mpaka namba hazisomeki. Lakini huko kwa wakusanyaji wa Ulaya kuna sarafu nyingi zenye jina la République Démocratique du Congo: moja ya mwaka 2004 ina uso wa Papa Yohane Paulo wa Pili, zingine zina wanyama, zingine meli. Hazikutengenezwa kwa ajili ya soko la Kadutu. Nchi inatoa jina lake, mtu mwingine anatengeneza, mtu mwingine ananunua. Nalisema hili ili msifikiri ni Wazungu tu wanaofanya biashara ya kuuza kumbukumbu. Na sisi tumo ndani, hata kama hatujaulizwa.

Turudi sasa kwenye zile tatu. Zinasema ni hazina za akiolojia. Nilichukua moja moja.

Mbwa-mwitu ni sanamu ya shaba nyeusi iliyoko Musei Capitolini, Roma. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ni kazi ya Waetruski wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Halafu mwaka 2006 Anna Maria Carruba, fundi aliyeitengeneza upya, akaeleza kwamba sanamu ilimiminwa kipande kimoja, ufundi ambao ni wa Zama za Kati. Vipimo vya kaboni vilivyofuata vikaipeleka kwenye karne ya 11 au ya 12 baada ya Kristo. Wapo wataalamu wanaoendelea kubisha, na wana haki yao. Lakini kuhusu wale watoto wawili wanaonyonya hakuna anayebisha: waliongezwa karne ya 15. Kwa hiyo sarafu inayosema « Roma ya kale » inaweza kuwa inaonyesha mama wa Zama za Kati na watoto wa wakati wa Renaissance. Angalau wangeandika alama ya kuuliza pembeni!

Mtu juu ya farasi ni mfalme Marcus Aurelius. Sanamu hiyo ni ya kale kweli, na ni nzuri sana, mimi siwezi kuisema vibaya. Lakini haikuchimbuliwa popote. Ilibaki juu ya ardhi karne zote hizo kwa sababu watu walidhani ni Constantinus, mfalme aliyewapa Wakristo uhuru, wakaogopa kuiyeyusha. Zenzake nyingi ziliyeyushwa, zikawa vitu vingine. Ni kosa la kutambua mtu lililomwokoa. Hadithi tamu kama hiyo, na kwenye sarafu hakuna hata herufi moja inayoigusa. Kwa wenye kupenda kujua: Marcus Aurelius huyo huyo yupo kwenye senti 50 za yuro za Italia, ambazo zina rangi ya dhahabu lakini hazina dhahabu hata chembe, ni shaba nyingi, na aluminiamu, zinki na bati kidogo. Mchanganyiko huo unaitwa « dhahabu ya Kaskazini ». Senti 50 hizo zinanunua pipi, na Marcus Aurelius ni yule yule.

Mnara ni nguzo ya mfalme Trajanus. Ilizinduliwa mwaka 113 na imesimama hapo hapo hadi leo. Tangu 1587 juu yake kuna sanamu ya Petro mtakatifu. Nayo haikuzikwa.

Kwa hiyo hazina tatu za akiolojia, na hakuna hata moja iliyotoka ardhini. Mtaniambia: we mwalimu, unatafuta makosa madogo, sarafu ni pambo, acha watu wafurahi. Ningeacha, kama si ile nguzo. Kwa sababu nguzo ile inahusu dhahabu.

Trajanus alipigana mara mbili na Wadacia, watu waliokuwa wanaishi katika nchi ambayo leo ni Romania: vita vya 101 hadi 102, na vya 105 hadi 106. Mfalme wao Decebalus alijiua ili asikamatwe. Ule utepe wa mawe unaozunguka nguzo, wenye urefu wa mita 200 hivi, unasimulia vita hivyo: askari wanajenga kambi, wanavuka mto, wanachoma vijiji, na mahali fulani wanapakiza vyombo vya thamani juu ya wanyama. Cassius Dio, mwanahistoria aliyeandika miaka mia moja baadaye, anasimulia kwamba Decebalus alikuwa ameficha hazina chini ya mto: aliwafanya mateka wageuze maji, wachimbe, wazike dhahabu na fedha, warudishe maji, halafu akawaua wote ili siri isitoke. Mtu aliyejua siri hiyo alikamatwa na Warumi, akasema. Hazina ikaenda Roma.

Na Roma ilifanya nini? Ilijenga uwanja mkubwa wa Trajanus kwa mali ya vita, na ikatengeneza sarafu za dhahabu kuusherehekea. Ndiyo, bandugu: sarafu ya ukumbusho ya dhahabu si kitu kipya. Zipo aurei za Trajanus zenye picha ya lango la uwanja huo, na chini yake jina FORVM TRAIAN. Zipo zenye ukumbi wa Basilica Ulpia. Zipo na sarafu zake zinazoonyesha Dacia kama mtu aliyeshindwa, ameketi chini. Sarafu hizo za Warumi naziheshimu zaidi kuliko za kwenye sanduku la mbao, na sababu yangu ni rahisi: hazifichi kitu. Zinakuambia, tumewapiga, tumechukua, tumejenga, mtu wetu njo huyu upande wa pili, muangalie pua yake. Ni majivuno matupu, lakini ni majivuno yenye anwani. Sarafu ya leo imechukua nguzo ile ile, ikaondoa Dacia, ikaondoa vita, ikaacha mnara mzuri wenye utepe. Imebaki keki ya harusi.

Sasa nifike pale hasira yangu ilipokuwa imejificha.

Baada ya ushindi, Warumi walileta watu kuchimba dhahabu ya milima ya Dacia. Mji mmoja wa wachimbaji uliitwa Alburnus Maior. Leo ni Roșia Montană, Transilvania. Chini ya mlima huo kuna mashimo ya Warumi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 7, yamechongwa kwa mkono ndani ya mwamba. Na katika mashimo hayo, kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19, wachimbaji wa nyakati hizo waliokota vibao vya mbao. Vilikuwa vimepakwa nta, na juu ya nta kumechorwa maandishi kwa kitu chenye ncha. Vibao 25 hivi vilisomeka. Cha kwanza kwa tarehe ni cha mwaka 131. Inaonekana watu walivificha ndani ya mashimo karibu na mwaka 167, vita vilipokaribia, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Hewa ya mle ndani ikavitunza. Msomi Mjerumani Theodor Mommsen alivichapisha pamoja na maandishi mengine ya Kilatini ya majimbo hayo, njo maana hata mwanafunzi wa Bukavu anaweza kuvisoma kama intaneti haikukatika.

Vibao hivyo havina dhahabu hata kidogo. Ni risiti, mikopo, mauzo ya nyumba, mauzo ya mtumwa, na mikataba ya kazi. Kimoja ni cha tarehe 20 Mei mwaka 164, wakati wa huyo huyo Marcus Aurelius wa kwenye farasi. Mtu anaitwa Memmius, mtoto wa Asclepius. Anajikodisha kufanya kazi katika shimo la dhahabu la Aurelius Adiutor, tangu siku hiyo hadi tarehe 13 Novemba, kwa denari 70, zitakazolipwa kidogo kidogo. Kuna neno moja hapo ambalo wasomi wamelibishania sana: wengine wanasoma « pamoja na chakula », wengine « pamoja na watoto ». Fikirini tofauti iliyopo kati ya kusoma chakula na kusoma watoto, katika mkataba wa kuingia shimoni.

Memmius akitaka kuacha kazi bila tajiri kukubali, atalipa sesta 5 kwa kila siku. Maji yakiingia na kuzuia kazi, atakatwa kwa kadiri ya siku hizo. Na tajiri akichelewesha malipo baada ya muda kwisha, naye atapata adhabu ile ile, ila anaachiwa siku tatu.

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Tangu 20 Mei hadi 13 Novemba ni siku 177. Denari moja ni sesta 4, kwa hiyo denari 70 ni sesta 280. Mchimbaji anapata kama sesta moja na nusu kwa siku, na akikimbia anadaiwa 5. Ni zaidi ya mara tatu ya anachopata. Tena: aureus moja, sarafu ya dhahabu ya gramu 7 na kitu, ilikuwa na thamani ya denari 25. Kwa hiyo karibu miezi sita chini ya ardhi, mtu huyu ameahidiwa thamani ya sarafu za dhahabu ambazo hazifiki tatu. Kwa mizani ya mjomba wangu, haifiki tola mbili.

Halafu kuna mstari ambao niliposoma mara ya kwanza, mwaka wa pili chuoni, nilifunga kompyuta ya cyber nikatoka nje. Mkataba haukuandikwa na Memmius. Uliandikwa na Flavius Secundinus, anayesema kwamba ameombwa na Memmius aandike, kwa sababu Memmius amesema hajui herufi.

Nilikuwa na miaka 14 nilipopelekwa likizo kwa mjomba Kamituga, kumfuata kaka yangu mkubwa aliyekuwa ameingia kwa creuseurs ili nilipiwe shule. PDG wa shimo lao, ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, aliuliza kama kuna mtoto mwenye mwandiko mzuri. Wakanionyesha miye. Akanipa daftari la kurasa 96, la jalada la buluu, na kalamu mbili. Kila jioni nilikaa juu ya kidumu cha njano nikaandika: jina, siku alizofanya, mifuko ya mchanga aliyotoa, chakula alichokula kwa deni. Wengi wa watu wale walikuwa wanakuja karibu yangu na kusema kwa sauti ndogo, « Petit, niandikie vizuri, miye sijui kusoma. » Watu wakubwa, wana ndevu. Nilikuwa nawaandikia vizuri. Nilikuwa napiga mstari kwa rula chini ya kila jina.

Mvua ilipokuja na maji yakajaa shimoni, kazi ilisimama siku tisa. PDG aliniambia niandike sufuri kwenye siku na niendelee kuandika chakula. Niliandika. Hapakuwa na mstari unaomhusu yeye akichelewa. Mwisho wa msimu alihamia shimo lingine, akachukua daftari, akasema hesabu ataifanya akitulia. Hakuna aliyeona hesabu ile. Kaka yangu hasemi sana juu ya mambo hayo, lakini siku moja aliniambia: « Weye uliandika, lakini uliandikia yeye. »

Njo vile nilivyotoka nje ya cyber siku ile. Warumi waliteka nchi nzima kwa panga, walikuwa na watumwa, na bado katika shimo lao kuna kibao kinachomwambia tajiri: ukichelewa, na weye utalipa. Sisemi kilitekelezwa. Sisemi Memmius alilipwa. Pengine vita vilimkuta bado anadai. Lakini jina lake lipo, la tajiri lipo, la mwandishi lipo, na ya mashahidi yapo. Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa mashimo yalibomoka na watu wapatao 50 walikufa, na kwa siku kadhaa hesabu yenyewe ilikuwa inabadilika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na orodha ya walioingia.

Sasa mnaelewa kwa nini yale maneno « hazina za akiolojia » chini ya picha yalinichoma. Kazi ya akiolojia ni kutuambia kitu kilikaa wapi, karibu na nini, nani alikishika. Sarafu ya ukumbusho, mara nyingi, inakata vitu hivyo vyote na kubakiza mng'aro.

Si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Kiwanda cha sarafu cha Austria kati ya 2010 na 2012 kilitoa sarafu sita kuhusu Warumi wa Danube, na kila moja ilipewa mji mmoja: Virunum, Vindobona, Carnuntum, Aguntum, Brigantium, Lauriacum. Ni za fedha, si za dhahabu, na za yuro 20. Lakini zinataja mahali. Mtoto wa Vienna akiishika ya Vindobona anajua kwamba chini ya barabara anayopita kulikuwa na kambi ya askari. Hiyo naiita kazi ya heshima, hata kama na yenyewe inauzwa kwa faida.

Benki Kuu ya Romania nayo ina mfululizo mrefu wa sarafu ndogo za dhahabu unaoitwa « Historia ya dhahabu ». Ndogo kweli: kipande cha lei 10 kina uzito wa gramu 1.224 na upana usiofika milimita 14. Fundi wa kuchora kofia ya mfalme wa kale kwenye eneo dogo vile ana mkono wa ajabu, sina la kusema. Na nchi yenyewe ina haki kuliko wengine wote kusimulia habari hii, kwa kuwa dhahabu ilitoka kwake. Lakini katika zile nilizoziona kwenye picha, dhahabu inaanza pale inapokuwa kofia, bangili, ndege. Haianzi shimoni. Wakati huo huo Roșia Montană ilikuwa karibu kubomolewa: kampuni ya Kanada ilitaka kufungua mgodi mkubwa wa wazi juu ya yale mashimo ya Warumi, na mwaka 2013 maelfu ya watu, vijana wengi, waliingia barabarani Bucharest na Cluj kukataa. Mwaka 2021 UNESCO iliweka mahali hapo katika urithi wa dunia. Kampuni ilikuwa imeishtaki Romania, na mwaka 2024 ikashindwa. Wale vijana hawakupigania kofia ya dhahabu. Walipigania mlima ambao dhahabu yake ya Kirumi ilishaondoka miaka 1,800 iliyopita, na mashimo yake matupu.

Kaka mmoja wa kundi letu alidakia siku ile: basi tuache hizi mpya, tununue za kale zenyewe, za Warumi halisi. Ndugu yangu, huko nako kuna miiba. Mwaka 2020 aureus ya Brutus, ile yenye visu viwili na tarehe ya kuuawa kwa Caesar, iliuzwa London kwa zaidi ya paundi milioni tatu. Karatasi za kuonyesha ilikotoka zilikuwa za uongo. Mwaka 2023 Marekani iliirudisha Ugiriki. Hiyo nayo ilikuwa sarafu ya ukumbusho, wauaji wakijisifu kwa dhahabu mwaka 42 kabla ya Kristo. Aliyeichimbua alijua ilikuwa imelala wapi na karibu na nini. Sisi hatutajua tena.

Dada, nimechukua njia ndefu kufikia swali lako. Kama unataka kuweka akiba kwa dhahabu, weka kwa uzito, usilipe hadithi iliyokatwa kichwa na miguu. Kama unataka hadithi, ile kubwa iko bure, iko kwa Kilatini kibaya cha mtu wa mgodini, na nitakusomea mstari kwa mstari siku tukikutana Bukavu. Kama unataka pambo la kuweka sebuleni, basi nunua, ni mali yako, lakini usimwambie mtu kwamba ni akiolojia.

Ile jioni uliyotuma picha, nilichukua karatasi nikajaribu kuandika majina ya daftari la buluu, kwa mpangilio ule ule niliokuwa nawapanga kwa rula. Walikuwa thelathini na kitu. Nilifika kumi na moja. Nikampigia kaka yangu simu, akanyamaza sana, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akanipa mengine mawili, na la tatu alilikumbuka nusu.